Jinsi ya kusoma fomu ya Van der Poel na Pogačar kwenye Ronde

Ukitaka kujua nani yuko fiti kati ya waendesha baiskeli Van der Poel na Pogačar siku ya Ronde van Vlaanderen, mbio za baiskeli kule Ubelgiji, usijichoshe na kilomita za mwanzo, we subiri wapande mara ya mwisho Oude Kwaremont, kile kilima cha mawe. Hapo mwangalie Van der Poel mabega, yakitulia juu ya yale mawe yuko poa, ila akianza kuyumba na Pogačar amekaa tu kwenye siti anakanyaga basi gepu hilo linakuja, ndo Van der Poel alivyoachwa 2023 na 2025. Halafu kuna Paterberg, kilima kingine, kifupi ila mwinuko unafika 20%. Wakivuka pamoja usimtoe Van der Poel kabisa, kwenye sprinti ni hatari mno, 2022 alishinda na Pogačar akabanwa akamaliza wa 4, iliniuma sana ile!