Pima fukuto la nyumba yako kwa vipimajoto viwili na utambi

Mwezi wa Machi, kaskazi ikishalegea na kusi haijashika, Lamu huwa na siku ambazo kipimajoto kinaonyesha nyuzi 31 tu na watu hawalali. Jasho linatiririka mpaka kwenye kiwiko na halikauki. Jasho lisilokauka halikupozi, maana mwili hupoa pale maji yanapogeuka mvuke na kuondoka na joto la ngozi. Hewa iliyoshiba unyevu huupokea mvuke huo kwa shida. Mimi ni mwashi, nakarabati nyumba za mawe Mkomani, na siku hizi sigusi ukuta kabla ya kupima fukuto.

Hatua ya 1: Tengeneza kipimo

Tafuta vipimajoto viwili vya kioo vinavyofanana. Viache kivulini nusu saa; vikitofautiana, andika tofauti yake. Kimoja kivishe ncha ya chini kwa utepe wa kitambaa cha pamba tupu, na mkia wa utepe udumbukie kwenye kikombe cha maji, kama utambi wa taa.

Maji yawe ya mvua. Mimi nilitumia ya kisima wiki nzima, munyu ukaganda kwenye utambi, vipimo vikapanda kuliko haki yake. Ikabidi nirudie vyumba vyote.

Hatua ya 2: Pima

Pepea vyote viwili kwa kipepeo cha ukili kama dakika tano, mpaka kile cha utambi kiache kushuka. Usikipumulie. Pima saa nane mchana, kisha saa nne usiku, chumbani na kiwandani (ua wa ndani).

Hatua ya 3: Soma pengo

Chumba kimoja kilinipa kikavu 32, utambi 28. Hapo unyevu ni karibu robo tatu ya ule ambao hewa inaweza kubeba. Kwa 32 hiyohiyo, utambi ungesoma 22, unyevu ungekuwa chini ya nusu, na jasho lingekauka. Pengo likiwa dogo, fukuto ni kubwa.

Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber walieleza kuwa utambi ukifika 35, hata mtu mzima wa afya aliyekaa kivulini hawezi kupoa. Majaribio ya Pennsylvania State University yaliyotolewa 2022 yakaonyesha kuwa kwa vijana wenye afya, katika hewa yenye unyevu mwingi, mwili huanza kushindwa karibu na 31. Wazee na wagonjwa hushindwa mapema zaidi. Kwa hiyo ukiona 28, usimwache kibarua akoroge chokaa juani mchana kutwa. Tafadhali.

Hatua ya 4: Tafuta joto la juu

Nyoosha kiganja karibu na dari. Chini ya mabati utahisi joto likikushukia hata kama hewa haijapanda sana. Dari ya boriti na chokaa, au makuti, hukinga vizuri. Ukuta mnene wa matumbawe nao huchelewesha joto la mchana, lakini usiku wetu haupoi sana, basi usiutegemee peke yake.

Hatua ya 5: Upe upepo njia mbili

Hapa ndipo kazi ilipo. Upepo huondoa ile hewa iliyoshiba inayogandamana na ngozi. Dirisha moja halitoshi. Upepo unataka pa kuingilia na pa kutokea. Vichochoro vyetu vina kivuli kizuri lakini upepo haba, hivyo toboa juu, karibu na dari. Feni pia husaidia, maadamu hewa haijapita 35 hivi. Usinyunyize maji sakafuni katika chumba kilichofungwa, wala usichemshe chungu humo: unaongeza mvuke uleule unaoukimbia.

Katika chumba kile cha 28 nilifungua tundu mbili zenye kimia, moja ukuta wa kaskazini-mashariki, nyingine mkabala wake. Utambi ulisoma 28 vilevile, kwa kuwa kipimo hiki hakipimi upepo. Lakini bibi mwenye nyumba, aliyekuwa akilala kiwandani tangu Februari, alirudisha godoro ndani usiku uleule.