Kuwachora Watoto Nyuso Siku ya Idi: Hatua kwa Anayeanza

Binti mmoja wa mtaani kwetu hapa Lamu aliombwa awachore watoto nyuso katika sherehe ya Idi, naye akanijia kuuliza aanzie wapi. Niliyomweleza ndiyo haya, pamoja na mengine tuliyoyaona tukiwa kazini.

1. Rangi na vifaa

Nunua rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi, zile za vidonge vikavu vinavyoloweshwa kwa brashi. Kalamu za nta sizipendi, kwani joto la hapa huzilainisha, mstari ukatoka mnene, na mtoto akijipangusa mara moja sura yote huvurugika. Rangi ya akriliki usiitumie hata kama chupa imeandikwa kwamba haina sumu, kwa sababu haikutengenezwa kupakwa ngozini. Ikikauka huwa utando wa plastiki, na kuubandua usoni kunauma. Unga wa kumetameta nao uwe wa vipodozi, kwa maana ule wa kazi za mikono shuleni una chembe zenye ncha zinazoweza kukwaruza jicho.

Kuhusu rangi nyeusi sina budi kusema zaidi, kwa kuwa sisi watu wa pwani tumeizoea piko, na wapo wanaoona ni jambo jepesi kumchorea mtoto masharubu ya paka kwa piko iliyobaki arusini. Piko ya siku hizi mara nyingi ni unga wa kutia nywele weusi, wenye kemikali iitwayo parafenilindiamini (PPD). Nchini Marekani kemikali hiyo huruhusiwa katika rangi za nywele tu, wala si kupakwa ngozini. Inaweza kuleta malengelenge na kuacha kovu, na ngozi iliyokwisha kuikataa huendelea kuikataa hata ukubwani. Hina ya majani haina dawa hiyo, lakini haifai usoni kwa sababu haitoki kwa kuoshwa.

Brashi moja nyembamba yenye ncha, namba 2 au 3, na nyingine bapa zinakutosha. Seti za brashi kumi na mbili ni hasara. Sponji zikate vipande, kila mtoto apate chake.

2. Mama kwanza, mtoto baadaye

Muulize mama kama ngozi ya mtoto huwashwa na sabuni au mafuta fulani. Ikiwezekana, rangi ijaribiwe kidogo ndani ya mkono siku moja kabla. Mwenye choa, upele, kidonda au macho yenye tongo usimchore, na aliye chini ya miaka mitatu mchoree nyota mkononi tu. Muulize pia kuhusu picha yenyewe, kwa maana zipo familia zisizopenda sura ya mnyama; kwao maua, nyota na hilali vinapendeza vilevile.

Kwa watoto waliokwisha kuanza kusali, kumbuka kwamba rangi huzuia maji kufika kwenye ngozi, na italazimu iondolewe kabla ya kutawadha. Mimi hupendelea kuanza baada ya sala ya Alasiri, au kuchora mkononi kati ya kiwiko na bega, mahali ambapo udhu haulazimishi maji yafike.

3. Kuondoa mafuta na jasho

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtoto wa Idi huletwa ameogeshwa, amepakwa mafuta ya nazi mpaka uso unang'aa, na macho yametiwa wanja. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta, bali hugawanyika vidonevidone, na mchoraji mgeni hudhani kwamba rangi ni hafifu, akaongeza tabaka la pili na la tatu. Tabaka hilo nene likikauka hupasuka mtoto anapocheka mara ya kwanza.

Futa uso kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni laini, kisha kwa kingine chenye maji matupu, halafu ukaushe kwa kugusagusa, bila kusugua. Kitambaa cha mtoto mmoja kisimguse mwingine, kwa hiyo njoo na vingi. Wanja usihangaike nao. Acha nafasi kuzunguka jicho, ambako rangi haitakiwi kukaribia hata hivyo. Kisha bonyeza kidole shavuni, na kidole kikitoka kinang'aa, rudia.

Jasho ni jambo jingine. Kwa kuwa Idi hutangulia kwa takribani siku 11 kila mwaka, huenda ikaangukia joto la kaskazi au upepo wa kusi, na huwezi kutegemea desturi ya mwaka uliopita. Wakati wa joto mketishe mtoto kivulini apoe kabla hujagusa brashi. Paji la uso likiendelea kutoka jasho, pakaa poda kidogo sana kwa kitambaa na ukung'ute inayozidi. Lakini usiirushe hewani karibu na pua ya mtoto, na ukizidisha rangi itashika poda badala ya ngozi. Wakati wa upepo weka mgongo wako upande unakotoka upepo, na unga wa kumetameta uuache nyumbani.

Maji ya rangi nayo yana kipimo. Sponji ikamuliwe mpaka isitoe tone; rangi ya mistari iwe nzito mfano wa tui la kwanza, kwani ikiwa nyepesi itateremka mpaka kidevuni.

4. Kuchora

Anza na rangi nyepesi kwa sponji, subiri ikauke, kisha mistari myeusi iwe ya mwisho.

5. Kuosha

Sabuni laini na maji hutosha. Nyekundu, buluu na kijani huweza kuacha doa, na hapo ndipo mafuta ya nazi yanafaa: paka, acha kidogo, uoshe kwa sabuni. Mama aambiwe mapema kwamba asisugue, na kwamba ngozi ikiwasha au kuvimba rangi iondolewe papo hapo na mtoto apelekwe zahanati.