Anza na kinachorudi nyumbani

Karibu mwaka mzima nilikuwa naamka alfajiri kuwafungia wanangu chakula cha shule, na jioni nikifungua vikontena nakuta chakula kilekile, kimesinyaa. Mama yao alikuwa ameanza zamu za usiku, kwa hiyo jiko la asubuhi lilikuwa langu. Basi nilikuwa nafoka. Mkubwa ananyamaza, wa kati analia, kitinda mimba anasema hakuwa na njaa, kisha anamaliza nusu mkate hata sijavua viatu.

Siku moja nikaacha kufoka nikachukua daftari. Wiki mbili niliandika tu kilichorudi: nini, kiasi gani, kimerudi katika hali gani. Ukitaka mtoto ale vizuri shuleni, anzia hapo kabla hujanunua chochote.

Chungwa lilikuwa linarudi zima, ila lina alama za kucha kwenye ganda. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba huyu mtoto hapendi matunda, kumbe alijaribu kulimenya akashindwa. Nilipoanza kulimenya na kutenganisha vipande, halikurudi tena. Mayai ya kuchemsha yalirudi kwa sababu kontena likifunguliwa yananuka na wenzake wanacheka. Hilo sikulishindania, mayai yakahamia kwenye chai ya asubuhi. Tufaha lililokatwa lilirudi limekuwa la kahawia. Halijaharibika, ni hewa tu imeligusa, lakini mtoto haambiliki. Lipake maji ya limau, au likate kisha urudishe vipande pamoja ulifunge kwa mpira.

Aibu yangu kubwa ilikuwa kontena lenyewe. Nilinunua zuri, lenye kifuniko cha kubana. Kitinda mimba hakuweza kulifungua, na aliona haya kumwita mwalimu. Mpe mtoto kontena tupu, alifungue na kulifunga mara tatu mbele yako. Halafu muulize muda wa kula ni dakika ngapi. Wangu wana 20, na wakishatoka kwenye foleni ya kunawa mikono zimebaki kama 10. Chakula cha kutafuna sana hakimaliziki kwa dakika 10, hata kiwe kitamu vipi.

Kupanga chenyewe si kugumu: kitu cha kushibisha, kitu cha kujenga mwili kama maharage, kuku au samaki, mboga, na tunda. Usimuulize "unataka nini kesho?" maana jibu unalijua. Uliza "tango au karoti?" Akichagua, aioshe mwenyewe na kuipanga. Wangu wa kati hupanga karoti kama njiti za kiberiti, na hajawahi kurudisha hata moja aliyoipanga yeye.

Chakula kigeni kisianzie shuleni. Kule ana haraka, ana njaa, na wenzake wanatazama. Kionjwe nyumbani kwanza, kipande kama ncha ya kidole, kando ya vitu anavyovijua. Kuna watoto wanaohitaji kukutana na chakula kimoja mara 10, hata 15, ndipo wakikubali. Wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu. Pilipili hoho kwangu ilikwenda hivi: mara tano ilisukumwa pembeni, mara ya sita ikalambwa, mara ya tisa ikang'atwa. Wakati wote huo nilijikaza kutosema neno. Kushangilia mno nako ni kulazimisha, na mtoto anaijua sauti hiyo.

Acha pia ile ya "ukimaliza mboga nakupa biskuti". Hapo umeshamwambia kwamba mboga ni adhabu. Mimi mara mojamoja naweka biskuti moja humo humo ndani, bila sharti. Akianza nayo, aanze nayo.

Kinywaji ni maji. Wanangu walibisha, nikawaita mezani. Soda ya mililita 330 huwa na kama gramu 35 za sukari, nikawa nachota kijiko cha chai kimoja kimoja kutia kwenye glasi tupu. Kufika cha tano, wa kati akashika kichwa. Vilikuwa karibu 9. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayekula kalori 1,500 hizo ni kama gramu 37. Soda moja tu, siku imekwisha. Na sukari iliyo kwenye juisi, hata ya matunda matupu, inahesabiwa humo. Tunda zima halihesabiwi.

Kuna jambo moja sitanii nalo. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili bila kuwa cha moto kweli au baridi kweli, na cha kufungwa saa 12 asubuhi huliwa saa 6 mchana. Kama ni cha moto, tumia chupa ya kutunza joto: ijaze kwanza maji yanayochemka, subiri dakika chache, mwaga, ndipo utie chakula kikiwa kinafuka moshi. Kama ni cha baridi, weka ubavuni chupa ya maji yaliyogandishwa. Mchana yatakuwa yameyeyuka, atayanywa. Wali hasa usiuchezee. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na vikikaa kwenye uvuguvugu vinazaana.

Kama shule ndiyo inayopika, omba ratiba ya wiki. Kile anachokiacha siku zote, kipike nyumbani mwisho wa wiki, mle wote mezani. Mara nyingi shida ni ugeni tu.

Daftari bado ninalo, siku hizi naandika mara moja kwa wiki. Usimhoji mtoto mlangoni, ngoja ashibe, kisha uliza "leo kipi kilikusumbua?" Jana kitinda mimba alirudisha kipande cha karoti chenye alama za meno mawili. Nilipomuuliza akacheka, akanionyesha pengo: jino la mbele lilikuwa limeng'oka asubuhi. Nimeandika karoti zichemshwe kidogo mpaka lingine liote.