Kuwasha amplifaya ya gari kwa umeme wa nyumbani

Amplifaya ya gari hutaka umeme wa betri, yaani volti 12 za mkondo mnyoofu, ilhali soketi ya ukutani hutoa volti 230 za mkondo geu. Kwa hiyo lazima pawepo pawasapulai katikati, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, na makosa mengi hutokea katika kuichagua.

Anza kwa kusoma fyuzi ya amplifaya, si maandishi ya kwenye boksi. Amplifaya iliyoandikwa wati 2000 huku ikiwa na fyuzi moja ya ampea 25 haili zaidi ya wati 300 hivi (ampea 25 mara volti 12), na ikiwa ya daraja AB, aina ya sakiti iliyozoeleka, karibu nusu ya hizo huishia kuwa joto tu. Hiyo inatoshwa na pawasapulai ya volti 12, ampea 30, ile yenye bati la matundu inayouzwa kwa ajili ya taa za LED na kamera za ulinzi. Adapta ya laptop usiijaribu, kwani nyingi hutoa volti 19.

Kabla ya kuchomeka plagi, tazama swichi ndogo ya ubavuni: ikiachwa kwenye 115 badala ya 230, pawasapulai itaungua papo hapo. Funga waya wa moto kwenye L, wa nyutro kwenye N na wa ethi kwenye alama yake, ufunike skrubu hizo, kisha washa bila amplifaya na uzungushe V ADJ, skrubu ndogo ya kurekebisha volti, taratibu hadi multimita (kipimo cha umeme) kwenye V+ na V− isome takribani volti 13.

Chomoa plagi. Peleka V+ (chanya ya pawasapulai) kwenye +12V ya amplifaya na V− (hasi) kwenye GND kwa waya wa milimita 6 za mraba, mfupi kadiri iwezekanavyo. Kisha toa waya mwembamba kutoka +12V hadi REM, skrubu inayoiamuru amplifaya iwake, ukipitia swichi ndogo. Wengi husahau hapa, wakadhani amplifaya imekufa. Washa pawasapulai kwanza, REM baadaye.

Mwisho, pima volti kwenye skrubu za amplifaya wakati besi inapiga. Mara yangu ya kwanza nilitumia waya wa spika wa mita mbili: multimita ilisoma 12.9 muziki ukiwa kimya, ikashuka hadi 10.4 kila besi ilipopiga, taa nyekundu ya amplifaya ikawaka, na waya ulikuwa wa moto mkononi. Nilipoweka waya mnene, haikushuka tena chini ya 12.4.