Kabla hujafunga chaja ya gari la umeme nyumbani: maneno ya fundi umeme

Wateja wengi hunipigia simu chaja ikiwa imeshanunuliwa. Picha ya boksi inatumwa, naulizwa nitakuja lini kuifunga. Nami nauliza: gari lako linapokea kilowati ngapi? Kimya.

Kile kiboksi cha ukutani tunakiita chaja kwa mazoea tu. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, ndiyo inayogeuza umeme wa AC wa nyumbani kuwa DC ya kuingia kwenye betri. Kiboksi kinawasiliana na gari, kinahakikisha usalama, kisha kinafungulia umeme. Ukimfungia mwenye Nissan Leaf ya mwanzo, ile ya kilowati 3.3, boksi la kilowati 7.4, gari litavuta zilezile 3.3. Soma kitabu cha gari kwanza, halafu tazama tundu la kuchajia. Magari ya soko la Japani huwa na Type 1, ya Ulaya Type 2, ya China GB/T, na hayaingiliani bila adapta.

Tufanye hesabu. Una betri ya uniti 40, unataka kuipandisha kutoka asilimia 20 hadi 80. Hizo ni uniti 24 ndani ya betri. Ongeza zinazopotea kwa joto, mita itahesabu kama 27. Soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 kwa volti 230 unapata kilowati 2.3, yaani karibu saa 12. Boksi la ampea 32 linatoa kilowati 7.4, unamaliza chini ya saa 4. Lakini anayetembea kilomita 40 kwa siku hutumia uniti 6 hadi 8 hivi, na hizo soketi inazirudisha usiku mmoja bila shida. Mtu wa namna hiyo namwambia ukweli, hata kama kazi inanipita.

Shida ya soketi ni muda. Birika hufanya kazi dakika chache, pasi inawaka na kuzima, ila gari linavuta ampea zilezile usiku kucha. Hapo ndipo skrubu iliyolegea inapojulikana. Nikifungua soketi iliyochajia gari kwa miezi na skrubu haikukazwa vizuri, naona habari yote: plastiki imegeuka rangi ya chai upande mmoja, ganda la waya limekauka likikunjwa linavunjika, na shaba iliyotakiwa kung'aa imekuwa nyeusi. Breka haikuruka hata mara moja, maana ampea hazikuzidi. Kilichozidi ni joto pale kwenye kiungo. Kwa hiyo ukianza kuchaji kwa soketi, baada ya nusu saa shika plagi. Uvuguvugu si neno. Ikikuchoma mkono, simamisha. Na ekstensheni ya kuzungushwa kwenye roli sitaki hata kuisikia: waya ukiwa umejikunja, joto halina pa kutokea.

Ukiamua boksi la ampea 32, lipewe laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya breka, isiyogawana na kitu kingine. Mimi hutumia waya wa milimita za mraba 6 kwa umbali mfupi, na wa 10 laini ikiwa ndefu au ikipita mahali penye joto. Breka ni ya ampea 40. Skrubu nazikaza kwa bisibisi ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, si kwa kukisia.

RCD, kile kifaa cha kwenye bodi kinachokata umeme ukivuja, ndiyo sehemu inayosahauliwa sana. Ile ya kawaida, Type AC, haifai hapa. Gari likiwa na hitilafu linaweza kuvujisha DC, na DC hiyo inaipumbaza RCD kiasi kwamba hata mtu akinaswa haikati. Weka Type B, au Type A kama boksi lenyewe lina kinga ya kukata DC ikivuja miliampea 6. Kitabu cha boksi kitakwambia.

Eathi nayo ipimwe kwa mita. Kuona nondo imechomekwa ardhini si kupima. Maboksi mengi hugoma kuchaji eathi ikiwa mbovu, na wapo mafundi wanaounga eathi na nyutro palepale kwenye soketi ili boksi likubali. Usikubali kabisa. Nyutro ikikatika huko nyuma, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme, na atakayegusa mlango amesimama chini ndiye atakayeupokea.

Jumlisha pia mzigo wa nyumba. Kama swichi kuu ni ya ampea 60, na jioni kuna jiko la umeme na hita ya maji, 32 za gari hazina nafasi. Boksi linaweza kupunguzwa hadi 16, au likafungiwa kihisi kinachobana waya mkuu ili lijishushe lenyewe mzigo ukipanda.

Matumizi ni mepesi. Ukichomeka, plagi bado haina umeme wa kuchaji. Kwanza boksi linalipelekea gari ishara ndogo kulijulisha mwisho wa ampea zinazopatikana. Gari likikubali utasikia "tak" ndani ya boksi, ndipo umeme unapita. Kuchomoa, simamisha kwanza, fungua loki, kisha vuta, ikigoma usilazimishe. Ratiba ya usiku iweke kwenye gari au kwenye boksi, kimoja tu, la sivyo vinasubiriana hadi asubuhi na betri iko vilevile. Betri nyingi zinapenda kuishia asilimia 80 siku za kawaida, ila zile za LFP (aina ya betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti) watengenezaji wengi huelekeza zijazwe 100 mara kwa mara.

Kitufe cha T kwenye RCD kibonyeze kila baada ya miezi michache, gari likiwa halijachomekwa. Isiporuka, zima breka ya chaja na uite fundi kabla ya kuchaji tena.