Namna ya Kudai Haki Yako Unapouziwa Gari Bovu: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Tanga

Mtu aliyenunua gari kwenye yadi hapa Tanga mjini, likamchemkia wiki hiyohiyo akipanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto, mara nyingi huanza kwa kosa linalomharibia madai yote: hulivuta hadi kwa fundi wake, injini ikafunguliwa, gasketi ikabadilishwa, ndipo anakwenda kwa muuzaji kulalamika. Muuzaji atajibu kwamba gari liliharibiwa na fundi, na hapatakuwa na wa kuthibitisha vinginevyo. Inaniuma kuliona hili, kwa sababu haki mnunuzi huyo alikuwa nayo.

Wengi husikia habari za Marekani, ambako tangu mwaka 1982, jimbo la Connecticut lilipotangulia, majimbo yana sheria zinazombana mtengenezaji alibadilishe gari jipya au arudishe fedha endapo kasoro kubwa haikupona baada ya matengenezo kadhaa. Tanzania haina sheria mahususi ya namna hiyo, kwa hiyo usiitaje kwenye barua yako. Tunayoitegemea ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo kifungu chake cha 16 kinamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa. Hata hivyo, ikiwa ulilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kutu iliyo wazi chini ya milango, ambayo upepo wa bahari hapa kwetu huileta mapema, ni ya kuisema kabla ya kulipa.

Kifungu hicho hakimgusi mtu binafsi wa Makorora anayeuza gari lake la nyumbani. Kwake mnunuzi hujihadhari mwenyewe, isipokuwa pale alipodanganywa, kwa mfano odometa, yaani kipima kilomita, iliporudishwa nyuma au ajali ilipofichwa kwa uongo. Hapo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuruhusu kuukataa mkataba. Ndiyo maana maneno ya muuzaji yaingie kwenye hati ya mauziano, na sentensi ya kwamba gari linauzwa “kama lilivyo” usiitie saini bila kuielewa.

Kasoro ikijitokeza, simamisha gari. Piga picha taa za dashibodi, kiwango cha maji kwenye rejeta na kilomita zilizosomeka, kisha siku hiyohiyo, au kesho yake ukichelewa sana, mwandikie muuzaji barua. Eleza tarehe ya kununua, bei, namba ya usajili, kasoro yenyewe, na unachotaka: fedha zako, gari jingine au matengenezo kwa gharama yake. Andika nakala mbili na uhakikishe ya kwako imesainiwa au imegongwa muhuri wa kupokelewa. Akikataa kuipokea, itume kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Haraka hii ina sababu ya kisheria. Mnunuzi anayekaa na bidhaa kwa muda unaozidi wa kawaida bila kusema anaikataa huhesabiwa kuwa ameikubali, na akishaikubali hubaki na haki ya fidia tu, si ya kulirudisha gari. Miezi mitatu ya kusafiri nalo hadi Segera na kurudi, huku ukivumilia, inaweza kukugharimu haki kubwa zaidi uliyokuwa nayo.

Baada ya barua, mwalike muuzaji au fundi wake ashuhudie ukaguzi kwenye gereji isiyo na undugu na upande wowote, yenye kompyuta ya kupimia magari, na upate ripoti iliyosainiwa. Ripoti iseme kasoro ni nini na, ikiwezekana, kama ilikuwepo wakati wa mauzo. Vipuri vilivyotolewa visitupwe.

Kwa gari jipya lenye waranti, mwendee wakala wa mtengenezaji, ukiwa na kitabu cha huduma kilichojazwa kwa wakati, kwa kuwa huduma iliyorukwa ndicho kisingizio cha kwanza cha kukataa madai.

Muuzaji akinyamaza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hushughulikia pia udanganyifu dhidi ya walaji. Njia ya mwisho ni mahakama, na ni ya wilaya au ya ngazi nyingine kulingana na kiasi unachodai, ukitanguliza barua ya madai ambayo ni afadhali iandikwe na wakili. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, lakini muda huo ni wa kufungua kesi ya fidia. Haki ya kulikataa gari haikungojei hadi hapo.