Mnakuja Kusini na vijana wa sekondari? Someni hapa kwanza

Likizo ya Juni ikikaribia, simu huku Mtwara hazitulii. Ndugu wa Dar, wa Morogoro, mpaka wa Mwanza: "Dada, mwaka huu tunashuka huko na watoto, waone Kilwa, waone Mikindani, waogelee." Karibuni sana. Ila hao mnaowaita watoto wana miaka kumi na nne, kumi na saba. Wana simu, wana maoni, na wakiachwa wanalala mpaka saa nne. Mtoto wa miaka sita unambeba unakotaka. Huyu wa kidato cha tatu akinuna Nangurukuru, atanuna mpaka Msimbati. Kwa hiyo kabla hamjakata tiketi, sikilizeni.

Kwanza msimu. Mvua za kwetu ni za mkupuo mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, pengine Mei. Likizo ya Desemba inawezekana, lakini ulizeni hali ya barabara siku mnayoondoka, si wiki moja kabla. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar kuja huku ilikatika maeneo ya Somanga, na watu walikwama pande zote mbili na mabegi yao. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho: fedha zipo, wanunuzi wapo, na gesti nzuri zinajaa. Wekeni nafasi mapema au mtalala watano chumba kimoja. Juni hadi Septemba ni kukavu na kuna baridi kidogo usiku, ila upepo wa kusi unavuma. Nitaurudia huo upepo.

Barabara: Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Msiifanye kwa siku moja mkaja mkasema Kusini kunachosha. Laleni Kilwa Masoko au Lindi mjini. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na askari wapo, tena wamejificha vizuri.

Chandarua, dawa ya mbu, kadi za bima. Pwani hii malaria ipo, msibishane nayo.

Vitambulisho vya shule vibebeni. Viingilio vya raia na vya wageni havilingani, na kijana wenu aliyekulia ng'ambo akifungua mdomo pale getini, mhudumu ana haki ya kuuliza. Malipo mengi ya serikali ni kwa namba ya malipo kupitia simu, kwa hiyo wekeni salio kwenye simu kabla ya kufika, si noti mfukoni tu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wageni hawaliulizi kabisa. Wanauliza boti bei gani. Wanauliza kuna samaki. Hakuna anayeuliza maji yanajaa saa ngapi.

Kaka yangu na wifi walikuja na vijana wao watatu. Wamefikia Kilwa Masoko, nami nikapanda gari kuwafuata huko. Mpango ulikuwa Songo Mnara, kisiwa cha mbali kidogo, siyo Kilwa Kisiwani ambako unavuka mara moja tu umefika. Jioni ile mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa, kila mmoja anaupiga picha. Nahodha, mzee wa pale pale, akamwambia kaka: "Kesho ni bamvua. Saa nne maji yamekupwa yote. Tuondoke alfajiri, la sivyo twendeni Kisiwani, Songo Mnara tuiache siku nyingine." Kaka akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeambiwa na kondakta asogee ndani.

Alfajiri vijana hawaamki. Walikesha na simu. Wifi anagonga mlango, mmoja yuko bafuni, mwingine anatafuta chaja, wa tatu anataka chai kwanza. Tumeng'oa nanga karibu saa moja. Nahodha hakusema neno tena, na mimi nikimwona mzee wa bahari amenyamaza namna ile huwa tumbo linanicheza.

Tumefika saa mbili na nusu. Kisiwa kinaonekana, lakini maji yamekimbia. Kati yetu na nchi kavu ni tope na mikoko. Nahodha akaiacha boti mbali, tukashuka kutembea. Mkubwa amevaa kandambili. Hatua ya nne tope limemeza ya kushoto, akaipapasa mpaka kwenye kiwiko asiipate. Mdogo ana raba nyeupe mpya, anatembea kama kuku wa mvua. Wa katikati, binti, aliteleza akashika mzizi wa mkoko ili asianguke. Mizizi ile imejaa chaza, na ganda la chaza ni wembe. Kiganja kimechanika kuanzia chini ya kidole gumba. Damu inachuruzika, maji ya chumvi yanaingia, binti anapiga kelele, wifi anapiga kelele zaidi.

Sanduku la huduma ya kwanza? Hakuna. Tulimfunga kwa mtandio wangu. Maji ya kunywa zilikuwa chupa ndogo ndogo, nusu yake zikaishia kuosha jeraha. Kaka akataka turudi hapo hapo. Turudi na nini? Boti imeshakaa juu ya tope, imelala ubavu. "Maji hayaitwi, mama," nahodha akaniambia, akajilaza kwenye kivuli cha boti yake. Tukakaa juani. Kijana mwenye kandambili moja ndiye pekee aliyekwenda kuangalia magofu na mwongozaji, peku, na mpaka leo ndiye pekee katika familia ile anayeweza kukueleza msikiti wa Songo Mnara ukoje.

Boti ilielea saa sita. Na saa sita kusi limeshakaza. Mawimbi yanatupiga kwa nyuma, chombo kinayumba huku na huku, mdogo akatapika, kisha wifi. Binti alishonwa Masoko jioni na kuchomwa sindano ya pepopunda. Likizo yenyewe ikaishia hapo. Kesho yake waligeuza gari kurudi Dar. Mikindani hawajaiona.

Sasa fanyeni hivi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo saa aliyokwambia jirani aliyekwenda wiki iliyopita haikusaidii. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti yake kwa pwani yetu inapita mita 3, na kupwa kwenyewe kunaangukia katikati ya asubuhi, saa ile ile mliyopanga kushuka na kofia zenu. Karibu wiki moja baadaye ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Hamna programu ya simu? Angalieni kalenda ya Kiislamu ukutani kwa mwenye gesti. Tarehe saba au nane ya mwezi, au ishirini na mbili, ishirini na tatu, ndizo siku za kumuuliza nahodha habari za Songo Mnara. Tarehe kumi na nne, kumi na tano, au mwezi ukiandama, muulizeni kwanza yeye anaonaje, na akisema alfajiri ni alfajiri. Vijana walazwe mapema na simu zichajiwe chumbani kwa baba.

Viatu: raba za zamani za kufunga kamba, au vile vya plastiki vinavyobana mguu. Kandambili ni za bafuni. Maji ya kunywa lita mbili kwa kila kichwa. Bandeji, dawa ya kuoshea kidonda, kofia. Jaketi la kujiokolea livaliwe na kufungwa, lisikaliwe kama mto. Rudini kabla upepo wa mchana haujapanda.

Kibali cha magofu kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti, na mwongozaji ni lazima mwende naye, msijifanye wajuaji. Vijana wapeni habari usiku wa kuamkia safari, la sivyo wataona mawe tu. Waambieni Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Waambieni dhahabu ya Sofala, huko pwani ya Msumbiji, ilipita hapa, na masultani walipiga sarafu zao wenyewe, na sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Hapo hata anayechezea simu atainua kichwa. Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani pale Kilwa Kisiwani, ina birika la kuogea la pembe nane lililojengwa karne ya 14. Na msiwaruhusu kupanda kuta ili wapige picha. Magofu haya yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa. Hayahitaji makalio ya mtu.

Kisiwani wanaishi watu. Mabinti wawe na khanga, wavulana wasivue mashati kijijini, na mtu hapigwi picha bila kuulizwa.

Kama ahadi yenu kwa vijana ni mijusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa huko Lindi, semeni ukweli mapema: mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na yule mrefu wa zaidi ya mita 13 amesimama Berlin, siyo Lindi. Utakachokiona porini ni pori. Mimi ningewapeleka Newala, wasimame pale Shimo la Mungu waangalie bonde la Ruvuma chini. Pale hata wa kidato cha nne ananyamaza.

Mikindani haina shida, iko jirani na Mtwara. Nusu siku inatosha, tembeeni kwa miguu, mpaka kwenye boma la Wajerumani. Msimbati kuna mchanga, gari ndogo itazama, na ni hifadhi ya bahari kwa hiyo kuna kiingilio. Gesi imegunduliwa Mnazi Bay, hapo hapo Msimbati, tangu 1982 na mitambo iko huko huko. Kwa hiyo kijana mwenye ndege ya kamera aiache nyumbani. Kuelekea vijiji vya mpakani, kando ya Ruvuma, msiende kwa kufuata ramani ya simu. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, ng'ambo ya mto upande wa Msumbiji, yaanze mwaka 2017, huko mgeni anaulizwa anatoka wapi, na ni sawa aulizwe.

Mwacheni kila kijana achague jambo moja la safari, hata kama ni la kipuuzi. Mmoja wa wageni wangu alichagua kula ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha barabarani, akala mpaka tukamwonea huruma. Wapeni pweza, wapeni korosho za moto. Msimu wa mabibo, chungeni uraka, pombe ya mabibo: unauzwa kama juisi na mwanzoni unateleza kama juisi. Chungeni pia zile mashine za kamari za sarafu vibandani. Sheria inakataza walio chini ya miaka 18, mwenye kibanda haulizi, na fedha ya nauli inaisha pale huku mnadhani amekwenda kununua vocha.

Mwachieni mtu wa nchi kavu namba ya nahodha na saa mnayotarajia kurudi. Mafuta ya gari jazeni kabla ya Somanga. Vidonge vya kuzuia kutapika mezeni kabla ya kupanda boti, si baada ya wimbi la kwanza. Na mkifika Mtwara nipigieni mapema; nikipigiwa saa tano usiku niko usingizini.